Haumi

"Haumi!" anapaza sauti Bwana Zdzisław
kutoka mbali, mkononi kamba tupu,
kana kwamba kamba ndiyo iliyotoka matembezi.

Mbwa hajaambiwa.
Anakuja juu ya tuta la mto Vistula,
masikio nyuma, theluji ikimruka miguuni,
nami nashuka, naiweka baiskeli kati yetu
kama meza ya mahasimu.

Shavu la mguu wangu lina kumbukumbu zake:
mishono saba, ya mbwa mwingine
ambaye naye alikuwa haumi.

Nyuma yangu Halszka, aliyekuwa akikimbia, ameganda.
Ngumi kifuani, macho chini,
pumzi zinamtoka kama mvuke wa birika.

Mbwa anafika. Ananusa mnyororo.
Ananusa soksi, ananusa woga,
woga anauacha palepale, ameshauzoea.
Kisha anainua mguu
na kulilowesha tairi langu la mbele
kwa utulivu wa karani apigaye muhuri.

"Si nilisema?" mzee anahema, anatabasamu.
Halszka anacheka, kicheko kinamtetemeka.

Mimi sicheki.
Naitazama ile kamba:
bado ina karatasi ya bei.