Vitenzi vya Jumatano Usiku

Juu ya maktaba ya Accrington, saa moja usiku,
bomba la hita linagonga kama mgeni asiyefunguliwa.
Doreen Hesketh anaandika ubaoni kwa kalamu inayokauka,
na kitenzi cha kwanza ni cha kalamu yenyewe:
kupauka, kupauka, hadi ukisome kwa kukisia.

Muda, anasema, kwa Kiingereza una miguu.
Unapita. Una na mbawa pia, siku ya raha;
kwa daktari wa meno unajiburuta.
Na ukiisha, unakimbia nje,
unakimbia nje pamoja na sukari, petroli na subira,
wote kwa mlango mmoja.
Bogdana anauliza: nani aliuacha wazi?

Kuna kitenzi cha maziwa.
Kimepigwa muhuri kwenye kifuniko, siku na mwezi.
Ndicho hicho cha viza yangu.
Ndicho, akasema Doreen, akitazama maegesho ya magari,
walichomwandikia Clifford wangu kwenye faili la wodi,
na maana yake ya kale ni kutoa pumzi, basi.
Maziwa, viza, Clifford:
niliyaandika yote katika mstari mmoja,
kisha nikaona haya,
nikamwandika Clifford upya, peke yake, ukurasa wa pili.

Kuna kinachoteleza tu, kama bima uliyosahau kulipia.
Kuna cha mwezi, ule wa angani,
nao huwaazima watu wanapoanza kuchoka kupendana.
Kuna cha wachimbaji: mshipa wa madini unakonda,
unakonda, hadi sururu inagonga jiwe tupu.
Kina jina la mtume mvuvi ndani yake. Kwa nini? Doreen hajui.
Baba yake alikuwa fundi wa mitambo kiwanda cha pamba.
Siku walipokizima, anasema,
hawakutumia kitenzi. Walitumia kufuli.

Mama yangu, kule Kutaisi,
alimaliza kila kitu kwa kufuta mikono kwenye aproni:
mkate, ugomvi, matanga ya baba.
Sikujua kwamba watu wanahitaji maneno mengi hivi
kwa jambo linalojijua lenyewe.

Kisha Doreen akatoa barua ya baraza la mji.
Aliisoma bila miwani; alikuwa ameikariri.
Kuanzia Machi, darasa hili litafanyiwa
(akakitamka kitenzi, taratibu, kama anavyotutamkia vyote).

Halmat, anayetengeneza saa sokoni
kati ya muuza jibini na muuza soksi,
aliruka kitini. Hilo nalijua!
Ndilo la kutia saa ufunguo!
Akasokota vidole hewani, akatuonyesha springi ikikaza,
mshale ukishtuka, ukianza kutembea.
Wametuongezea muda!

Nilitazama kamusi yangu. Maana ya kwanza, ya Halmat.
Maana ya nne: kuvunja kampuni, kugawana viti, kufunga.
Neno lile lile, tahajia ile ile.
Doreen alifungua mdomo amsahihishe,
kama alivyomsahihisha tangu Septemba,
akaufunga.
Ndiyo, Halmat, akasema. Ndilo.
Akageukia ubao aliandike,
kalamu ikakata kwenye herufi ya tatu.
Tukalimalizia sisi daftarini, kila mtu na mwandiko wake.

Saa tatu bawabu Entwistle akatikisa funguo mlangoni.
Bogdana bado anataka jibu lake.
Halmat anaisogeza saa ya ukutani dakika mbili mbele,
maana, anasema, imekuwa ikichelewa mwaka mzima
na hakuna aliyeona.

Zamu ya kufuta ubao ilikuwa yangu.
Palikuwa na herufi mbili na nusu.
Nilishika dasta, nikairudisha.
Nikafuta mikono kwenye sketi,
nikashuka ngazi.