Fremu ya Thelathini na Saba

Naitupa fremu nyuma ya bega, nisije nikachagua.
Mbao nne, mita kwa mita:
inapoangukia, hapo ndipo nipigapo magoti.

Bertalan ameshika daftari. Shamba hili lilikuwa lake,
miaka thelathini ya mahindi, na kabla yake mahindi ya baba yake,
hata udongo ukawa kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu.
Alipowauzia watu wa hifadhi, Sárhalom nzima ilicheka:
tangu lini mtu akalipwa kwa kupanda nyasi?
Mimi nilisema miaka mitano itatosha.
Ujana una mdomo.

Mwaka wa pili lilichanua.
Meya akasimama katikati ya maua ya zambarau,
akasema, tazameni, nyika imerudi.
Picha yake ingali ukutani pa posta.
Lakini ua ni mgeni mwenye maneno matamu,
hakwambii kama atalala.

Kwa hiyo nahesabu, na sihesabu rangi.
Nahesabu mashina: yaliyokomaa, makinda, yaliyofia wima,
tulichokipanda na kilichojileta chenyewe,
na magugu pia, maana gugu nalo lina haki ya kuandikwa.
"Nywele za yatima," nasema.
Ndivyo wayaitavyo upande huu wa mto Tisza
majani yale ya manyoya meupe, yalalayo pamoja upepo ukipita.
"Nne. Zote nzima, zote kubwa.
Watoto, sifuri."

Sifuri ya thelathini na sita leo. Mwaka wa tisa.
Bertalan huichora taratibu,
kama mtu afungaye mlango asimwamshe aliyelala.
Najua anawaza nini.
Shule ya Sárhalom ilifungwa ikiwa na wanafunzi watatu, wawili ndugu.
Jumapili kanisa linajaa watu wazima, wenye afya, sauti nzuri.
Ukipiga picha, kijiji kimefana.

Fremu ya thelathini na saba
inaangukia pale kindi wa ardhini alipofukua shimo lake.
Udongo mtupu, mweusi, bado una unyevu.
Na ukingoni, jani moja,
uzi uliomponyoka fundi,
halifiki urefu wa kidole gumba.

Nalala kifudifudi. Natoa kioo cha kukuzia.
Huenda ni yeye. Huenda ni gugu la barabarani:
kwa umri huu nyasi zote zinafanana,
kama vichanga wodini kabla hawajafungwa majina mkononi.
Juu yetu kipozamataza hanyamazi.

"Andika moja," anasema Bertalan,
yeye ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuniambia niandike nini.

Iko njia ya kujua. Mbegu ya nywele za yatima
ina mkia uliosokotwa kama kizibuo,
hujipekecha ardhini yenyewe, mvua ikija, jua likija.
Nikifukua nikaukuta mkia huo shinani, basi ni yeye.
Nikifukua, basi alikuwa yeye.

Kidole changu kimekaa juu ya udongo muda mrefu.

"Sifuri," nasema.
"Bogi."
"Fomu ya Budapest haina safu ya kiulizo, Bertalan. Sifuri."

Anaandika. Haichori taratibu safari hii.
Nachomeka msumari kando ya jani, nafunga uzi mwekundu,
naiokota fremu. Zimebaki tatu.

Nikigeuka kumtafuta, hayupo nyuma yangu.
Yuko kwenye kigingi cha mpaka, mgongo umepinda,
mwaka huu ametimiza sabini na nane,
anarudi akitembea kwa mstari ulionyooka,
midomo ikimchezacheza.
Anafika kwenye uzi mwekundu, anasimama,
anafungua daftari, na pembezoni kabisa,
pasipokuwa na safu wala kichwa cha habari,
anaandika kwa wino:
hatua mia mbili na sita.