Safu ya Tatu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hili tulilitembeza wenyewe, Jumamosi ya Februari,
mjini Rimouski, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
Bwana Bérubé akipuliza viganja na kusifu rangi.
Rangi sikuiuliza.

Nilikwenda na futi kamba ya mama, ile ya ushonaji,
na begi la hoki la Loïc, linalonuka soksi za kikosi kizima,
na kigari cha Flavie, na mbwa.
Siuziwi mbuzi kwenye gunia,
hata gunia likiwa na paa la kioo.

"Watoto wangapi?" akauliza Bérubé.
"Watatu," Yannick akasema, kwa mazoea.
"Watano," nikasema.
Akatutazama kwa zamu, akaandika saba,
pamoja na sisi wawili.

Buti, viti vyote vikiwa vimesimama: sentimita arubaini na moja.
Begi: hamsini na tatu.
"Tutalilaza kwa ubavu," akasema Yannick.
Nikaandika: kwa ubavu. Nikapigia mstari.

Kabla sijafungua mdomo, Zacharie na Émeric
walikwishapenya hadi nyuma kabisa,
magoti kidevuni, mikanda imefungwa,
mikono mapajani kama walio kwenye foleni ya daktari.
Hakuna aliyewaambia wakae huko.
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe;
Émeric siku ya tatu alijichukulia koleo la theluji mwenyewe,
akasafisha ngazi hadi gizani,
na tangu Novemba hajalirudisha mkononi mwa mtu.

Tuliondoka na chaji asilimia tisini na moja.
Bérubé alibaki mlangoni; nafasi yake haikuwepo.
Barabara ya Sainte-Blandine inapanda,
kipasha joto kinakula, skrini inahesabu:
themanini na nne. Sabini na tisa.
Kitabu chao kinaahidi kilomita mia nne na themanini;
kitabu kiliandikwa na mtu aliyevaa fulana.
Nikagawanya kwa baridi, nikatoa upepo,
nikapata mia mbili na tisini, nikaziamini hizo.

Kisha ile nyumba ya kijani.
Theluji imefika kwenye madirisha, sanduku la barua limezama,
taa ya baraza bado inawaka, sijui nani anailipia.
Gari letu la zamani lingeguruma hapo,
lingekohoa, lingebadili gia kwa kelele,
lingetusaidia.
Hili halina injini ya kujificha nyuma yake.
Nilisikia tairi zikisaga chumvi,
nilisikia Flavie akinyonya kidole,
nilisikia, huko safu ya tatu,
mtu akishusha pumzi ili isisikike.

Yannick hakupunguza mwendo, wala hakuongeza.
Nyumba ya kaka yake ikapita.

Tuliporudi, asilimia sitini na tatu.
Nikamwomba Émeric anipishe.
Nikapanda nyuma mimi, na makalio yangu ya miaka arubaini na nne,
nikapima goti hadi kiti cha mbele: kiganja kimoja, kidogo.
Hewa ya moto haifiki huku. Dirisha halifunguki.
"Unaonaga nini ukikaa hapa?" nikamuuliza Zacharie.
Akafikiri sana, kama mtu anayelipwa kwa jibu.
"Kisogo cha Loïc."

Bérubé akataja bei kwa sauti ya ubani.
Nikamwambia tairi za majira ya baridi ziwe juu yake,
na chaja ya ukutani, na afunge mdomo kuhusu rangi.
Akasema atazungumza na mkubwa wake.
Zungumza, tutapiga simu Jumatatu.

Kwenye daftari, chini ya begi la hoki, nikaandika:
safu ya tatu ni kwa zamu. Loïc Jumatatu, Océane Jumanne,
mimi siku za theluji nyingi.
Yannick akasoma begani mwangu, akaongeza jina lake.

Mbwa alikataa kushuka.