Namba Thelathini na Moja

Ijumaa jioni walizungusha pipa la bati.
Corliss akatumbukiza mkono hadi kiwikoni
kama atafutaye pete katika maji ya vyombo,
akatoka na thelathini na moja.
Hakusema kitu. Alinitazama mimi,
kwa kuwa kipimajoto ni changu.

Jumamosi, saa tano asubuhi,
lami ya Indiana ilikuwa na digrii ishirini na nne,
hewa nzito, injini ikiinywa kama maziwa baridi.
Oyler, namba mbili, alitoka kivulini,
magurudumu wazi yakimeta pande zote,
akazunguka mara nne, akarudi
jasho halijamfika nyusini.
"Fundi huyo!" wakasema jukwaani.
Mimi niliandika: ishirini na nne.

Saa nane, arobaini na tisa.
Saa tisa unusu, hamsini na tatu.
Upepo umehama, sasa unasukuma kona ya tatu,
na Corliss yumo garini, kafungwa mikanda,
anangoja zamu
kama mkate ulioiva zamani
na hakuna wa kuutoa tanurini.

Mzunguko wa kwanza, mzuri.
Wa pili, matairi ya nyuma yakaanza kumsaliti,
nikamwona akilirudisha gari kwa ncha za vidole,
kidogo, kidogo tena,
palepale ambapo Oyler alipita kama anakwenda dukani.
Wa nne sikuutazama.
Wanaoanza ni thelathini na tatu.
Yeye, wa thelathini na nne,
kwa muda usiotosha jicho kupepesa.

Nikamwendea Bwana Stuckey, mkuu wa wasimamizi,
daftari mkononi.
"Njia ileile," alisema, "umbali uleule,
saa ileile ya kupimia."
Na jua? Jua lilivuta namba gani?
Alinyamaza. Kisha, bila ubaya wowote:
"Mwaka jana mlivuta namba tatu, Dwight.
Sikukuona hapa."

Ni kweli. Mwaka jana nilikula nyama,
nikasema kura ni kura,
nikausifu mkono wa Corliss mpaka usiku.
Daftari la siku ile ninalo:
mstari mmoja wa asubuhi,
halafu karatasi nyeupe. Baada ya zamu yetu
sikupima tena.

Saa tatu usiku, jua la Mei lilipokubali kuzama,
nilirudi ukutani peke yangu,
nikaielekezea lami kipimajoto.
Ishirini na sita.
Nikaandika,
ingawa hapakuwa na mtu anayekimbia.