Makafi Mawili, Kaunta Namba Nne

Fundi Mwinjuma wa Keko alipima mara tatu,
penseli sikioni, kisha akauliza:
"Hiki unachosafirisha kina miguu?"
Nikamwambia ni makafi, mawili, ya kupigia maji
ukiwa umesimama juu ya ubao.
"Kusimama juu ya maji," akasema. "Haya.
Mninga au plaiwudi?"

Plaiwudi, kwa sababu ya kilo.
Ndani tukatandika sponji la godoro lililoishiwa pumzi
na kanga yangu moja, nyenzake nimeivaa.
Gundi ya karatasi ikazunguka mpaka ikaisha,
tukamalizia kwa kamba ya katani.
Likatoka sanduku refu, jembamba:
jeneza la chatu.

Kambi akalifunga juu ya bajaji,
kitambaa chekundu kikipepea mkiani,
na pale taa za Tazara
mzee mmoja akavua kofia.
Muuza maji akaacha kugonga chupa.
Mama wa mihogo akainama dirishani: "Poleni."
Ningesema nini? Nikaitika, "Tumeshapoa."
Kambi alicheka mpaka Vingunguti.

Uwanja wa ndege, Jengo la Pili.
Mashine ya kumulika ina mdomo wa kumeza mabegi,
si hadithi ndefu.
Sanduku likaingia nusu, likakwama.
Mkanda ukaguna,
foleni ikaguna kuushinda mkanda.
"Fungua."
Katani haifunguki kwa amri.
Nilitumia meno.

Ofisa akainua kafi la kwanza kwa vidole viwili
kama aliyeshika mkia, mnyama hajamwona.
"Hii ni nini?"
Kabla sijafumbua mdomo, foleni ikajibu:
koleo,
bawa la feni,
antena ya zamani.
Bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu akakata ubishi:
"Ni mwiko! Mwiko wa pilau la harusi,
sufuria la watu mia nne.
Mpisheni, wageni wana njaa."

Mwiko. Na kweli, kwenye karatasi ya shirika
kulikuwa na mwiko mwingine, kwa herufi ndogo:
mzigo usizidi mita mbili.
Yangu, mita mbili na vidole vitatu.

Dada wa kaunta, Atupele, alipima bila neno.
Makafi: kilo mbili kasoro.
Makafi na sanduku: kumi na tisa.
"Sasa dada, unasafirisha mzigo au nguo yake?"
Nikamweleza habari za Nyamizi, mtoto wa dada yangu, Mwanza,
aliyeanguka mara kumi na moja pale Msasani likizo iliyopita,
na ya kumi na mbili akasimama, akasahau kupumua.
Ubao ameupata. Anaupigia kwa ufito wa mwanzi.
Atupele akatazama vidole vitatu vilivyozidi.
Akatazama foleni.
Akabandika KINAVUNJIKA juu ya kanga
na hakuandika urefu.

Mpagazi Mashaka akanivuta kando:
"Sanduku unaliacha? Naliomba."
"La kuku?"
"La vitabu. Binti yangu vyake vinalala sakafuni."
Akalitwika, akatoka nalo mlango mkuu,
na pale nje, nakuapia,
mtu mwingine akavua kofia.

Nilikaa dirishani. Mikono haikujua pa kukaa,
ikawa inajikunja juu ya mapaja,
ikishika kitu kilichokuwa chini kwenye lami
katikati ya magunia na friji ya mtu.

Ndipo nikamwona kijana wa mizigo,
fulana ya njano, amesimama juu ya kigari,
kafi langu mkononi.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Hakuna bosi.
Akaipiga hewa, taratibu,
mara moja upande huu,
mara moja ule.

Alikuwa amelishika kinyumenyume,
kama wote siku ya kwanza.
Nikagonga kioo: geuza! geuza!
Hakunisikia.
Lakini kigari kikasogea.