Kuanikwa

Julai. Meru haupo.
Mlima mzima umetoweka, wiki ya tatu sasa,
na hakuna aliyekwenda kuripoti polisi.

Kibanda changu kiko chini ya ngazi, nyuma ya Soko Kuu,
futi nne kwa sita, taa ya mezani, lenzi jichoni.
Natengeneza saa.
Naingia ukungu umelala barabarani,
natoka jioni, umelala bado.

Tangu Juni nilikuwa nachoka kabla ya kazi.
Miguu inauma ndani, kwenye mfupa, kama deni.
Siku moja, juu ya Seiko ya baba wa mteja, marehemu,
machozi yakadondokea magurudumu.
Sikuwa nimefiwa.
Nikafuta jino baada ya jino kwa pamba,
nikamwambia mwenyewe: kutu.

Ndeshi, mke wangu, alisema baridi.
Muuza vifungo wa jirani alisema nikaombewe.
Nesi Nasinyari akatoa damu, akarudi na karatasi:
Mzee Anaeli, vitamini D iko chini. Hupati jua.

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Mei.
Jua? Hapa?
Kitu tunachokikimbia kwa miavuli,
tunachokilaani kila Januari?
Nani aliwahi kufilisika kwa kitu kisichouzwa?

Akanipa vidonge. Akauliza:
unalala? unakula? unaongea na nani?
La tatu nilitazama viatu.

Sasa ikifika saa nne, ukungu ukitoboka,
navuta stuli hadi ukutani,
nakunja mikono ya shati mpaka mabegani,
nakaa. Wapita njia wanadhani sina kazi.
Mama alinianika hivi nikiwa wa siku arobaini:
mafuta mwili mzima, mgongo kwanza,
kisha akanigeuza, kama hindi jikoni.
Nina hamsini na nane. Najigeuza mwenyewe.

Jumanne muuza vifungo alileta stuli yake.
Hatusemi mengi.
Leo limechelewa, anasema.
Litakuja.
Sijui ni kidonge, sijui ni jua,
sijui ni hiyo stuli.

Jana kilele kilichungulia. Dakika saba, nilipima.
Ile Seiko inakwenda.
Asubuhi za baridi huchelewa kidogo;
nimeiacha hivyo hivyo.