Penseli na Wino

Nilipewa daftari kwa kuwa mwandiko wangu hausemi uongo,
ndivyo alivyosema mwenyekiti Njambi,
nami nikakalia kiti cha plastiki chini ya turubai la kukodi,
kalamu mkononi, penseli sikioni.
Taslimu kwa wino. Ahadi kwa penseli.

Mtaa wetu siku hiyo ulitimiza miaka sitini,
au hamsini na saba, inategemea unamuuliza nani.
Ondieki huhesabu tangu funguo za kwanza zilipogawiwa,
Saumu tangu mfereji ulipokohoa kutu, kisha maji.
Halkano yeye huhesabu tangu alipokopeshwa unga
na jirani ambaye hakumuuliza jina.
Keki tukaiandika MIAKA MINGI, ugomvi ukaisha.

Lengo: laki tatu na elfu arobaini,
za daraja la miguu,
maana hili la mbao mbili na waya
kila Aprili mvua hulichukua
na kila Mei tunalirudisha kwa misumari ya kuazima.
Mwaka jana halikuchukuliwa peke yake.
Jina la mtoto yule halikutajwa kwenye kipaza sauti.
Mamake alikuwa nyuma ya hema, akikata vitunguu vya pilau.

Wauza mitumba wa Gikomba wanaolala kwetu: elfu nane.
Kwaya ya kanisa la mabati: elfu tatu na mia moja, sarafu tupu,
nikazihesabu mara mbili hadi vidole vikanuka shaba.
Sikuku fundi viatu: mia mbili,
akaomba niandike pembeni, "na mguu wa kushoto,"
kwa kuwa ndio uliovunjikia pale.

Kisha jogoo.
Mbithe alimleta kafungwa miguu kwa utepe wa harusi.
Akanunuliwa elfu mbili, akarudishwa mnadani.
Elfu tatu na nusu, akarudishwa.
Mara kumi na moja aliuzwa jogoo yule,
na kufikia saa kumi alikuwa ghali kuliko mbuzi,
anatutazama kwa jicho moja
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Mgeni wa heshima akafika pilau ikiwa imeshapoa.
Aliusifu mtaa, akalikosea jina lake, tukapiga makofi.
Akatangaza laki moja! Vigelegele.
Nikatazama mikono yake: simu, funguo za gari.
Nikaichomoa penseli sikioni.
Akaniona. Akatabasamu. Nami nikatabasamu.
Sote wawili tumesoma.

Watu walipoanza kukunja viti
mama yule akaja mezani, mikono inanuka kitunguu,
akaweka elfu moja na mia tano, noti zimekunjwa mara nne.
"Niandike jina gani?" nikauliza,
nikajuta kabla sijafunga mdomo.
"Andika ada ya shule," akasema. "Muhula wa pili."

Nikaandika kwa wino.
Nilikandamiza mno; ukurasa wa chini yake
bado unasomeka kwa kidole.

Usiku tulicheza hadi stima ikapotea, tukaendelea gizani,
simu zimewashwa tochi,
maghorofa ya mjini yanameta kule mbali
kama sherehe ya watu wengine.

Sasa ni Machi. Mawingu yanajikusanya upande wa Ngong.
Kila Jumatatu nampigia mgeni wa heshima,
na kila Jumatatu sauti ile ya kike, yenye adabu zake,
huniambia nijaribu baadaye.
Jogoo hana mwenyewe. Analala kwa Mbithe,
anakula kwa Halkano, anawika popote.

Jana fundi alikuja na futi yake, akapima, akakuna kichwa.
Wino, anasema, unatosha nguzo na mbao.
Vyuma vya kushikilia
bado viko kwenye penseli.